Mali bila Daftari: Maisha ya Bob Marshall, Mhesabu wa Mapori

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huambiwa wafanya biashara, nao huisikiliza. Lakini iko mali moja kubwa ya wananchi ambayo ni nadra kuandikwa katika daftari lolote, nayo ni ardhi ya umma ambayo bado haijapitiwa na barabara. Ardhi ambamo mtu aweza kuingia kwa miguu, chakula chake na hema lake vikiwa mgongoni, akalala usiku kucha bila ya kusikia mlio wa gari. Mali ya namna hiyo haiibiwi kwa siku moja. Huondoka kipande kwa kipande, kila kipande kwa sababu iliyoonekana kuwa njema na kwa sahihi ya afisa asiyekuwa na nia mbaya, hata siku moja watu wakauliza imekwenda wapi, na asipatikane wa kuwajibu.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeiona hatari hiyo mapema, akaifungulia mali hiyo daftari. Naye ni marehemu Robert Marshall wa Marekani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bob Marshall, ambaye alifariki dunia mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka 38 tu. Kwao jina lake limeandikwa juu ya ramani. Kwetu si wengi wanaomjua, lakini kazi aliyoifanya, pamoja na kosa alilolitenda katika kazi hiyo, vyamhusu kila aliyekabidhiwa ardhi ya umma, na kila mwananchi anayetaka wajukuu wake waikute.

Bob Marshall alizaliwa katika mji wa New York tarehe 2 Januari, 1901, katika nyumba ya watu wenye uwezo. Baba yake, Louis Marshall, alikuwa mwanasheria mashuhuri wa mambo ya katiba, na mtetezi wa haki za Wayahudi wenzake na za watu wengine walioonewa. Mzee huyo alikuwa mjumbe katika mkutano wa katiba wa Jimbo la New York mwaka 1894, mkutano ulioandika ndani ya katiba kwamba misitu ya serikali ya jimbo hilo, iliyoko hasa katika milima ya Adirondack na Catskill, ibaki pori daima. Isiuzwe, isikodishwe, wala miti yake isikatwe. Mkutano mwingine wa katiba ulipokaa mwaka 1915 mzee huyo alikuwamo tena, akaitetea ibara hiyo. Kwa hiyo mtoto alikua akijua kwamba msitu unaweza kulindwa kwa kalamu, na kwamba kalamu hiyo hiyo inaweza kuufuta.

Wakati wa joto familia hiyo ilihamia katika nyumba yake kando ya ziwa, katikati ya milima ya Adirondack. Huko Bob na mdogo wake George waliongozwa na Herb Clark, mwenyeji wa milima ile aliyekuwa hodari wa kasia na wa kuvua samaki. Mwaka 1918 watatu hao walipanda mlima Whiteface, na tangu hapo wakajipa kazi ya kupanda kila kilele cha milima hiyo kilichohesabiwa kuwa na kimo cha futi 4,000 au zaidi. Vilele hivyo vilikuwa 46, na vingi havikuwa na njia yo yote. Iliwalazimu kupenya katika vichaka na miti iliyoanguka, wakielekea kwa dira na kwa macho. Walimaliza mwaka 1925, nao ndio watu wa kwanza wanaojulikana kuvipanda vyote. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba vilele vichache havifikii kimo hicho, lakini orodha yao ya 46 haikubadilishwa, na maelfu ya watu wameifuata hadi leo.

Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Kijana huyo hakuridhika na kupanda. Aliandika. Alipima mwendo wake, akahesabu vilele, akavilinganisha kwa uzuri wa mandhari, na mwaka 1922 kikachapishwa kijitabu chake juu ya milima hiyo. Tabia hiyo ya kuhesabu, ambayo rafiki zake waliifanyia mzaha, ndiyo iliyokuja kuwa silaha yake.

Alisomea misitu katika chuo cha jimbo kilichoko Syracuse, akamaliza mwaka 1924, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1925. Mwaka huo huo aliajiriwa na Idara ya Misitu ya Marekani, akapelekwa Missoula katika Jimbo la Montana, ambako hadi mwaka 1928 alichunguza jinsi miti inavyoota tena baada ya moto. Siku za kazi alipima miche. Siku za mapumziko alitembea. Kutembea maili 30 kwa siku moja lilikuwa jambo la kawaida kwake, na mara nyingine alivuka maili 40, tena miguuni amevaa raba. Mwaka 1932, aliporudi katika milima ya ujana wake, alipanda vilele 14 kwa siku moja.

Katika matembezi hayo aliona jambo lililomsumbua. Mabonde aliyoyapitia mwaka mmoja yakiwa kimya, alirudi baada ya miaka michache akakuta njia ya magari. Hakuna aliyeamua kwamba mapori yote yaishe. Kila ofisi ilichora barabara yake. Hii ya kuzima moto, ile ya kutoa magogo, nyingine ya watalii. Wala hapakuwa na ofisi hata moja iliyojua jumla yake. Serikali ilijua kwa hakika ina magogo mangapi, lakini haikujua imebakiwa na mapori mangapi.

Mwezi wa Februari mwaka 1930 aliandika makala katika jarida la sayansi, akaeleza pori ni nini hasa. Kwa maelezo yake, ni eneo lisilo na wakazi wa kudumu, lisiloweza kupitiwa kwa chombo cho chote cha mitambo, na kubwa kiasi kwamba mtu hawezi kulivuka bila ya kulala ndani yake. Tuitazame vema sharti hiyo ya mwisho. Wengine walipima pori kwa aina ya miti au idadi ya wanyama. Yeye alilipima kwa usiku mmoja wa msafiri. Mahali ambapo unaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni ni bustani; mahali panapokulazimisha kutua mzigo, kuwasha moto na kungoja mapambazuko, hapo ndipo porini.

Wako waliomjibu kwamba watu wapendao kulala porini ni wachache, na haifai nchi nzima iwatengee ardhi. Hoja hiyo twaisikia hata leo, na majibu yake bado yana nguvu. Alisema kwamba serikali hutumia fedha za wote kwa maktaba, vyuo vikuu na nyumba za sanaa, ingawa wanaoingia humo ni wachache, na haki ya walio wachache ni sehemu ya utawala wa haki. Tena barabara ikikosekana leo inaweza kujengwa kesho. Pori likishapasuliwa halirudi.

Mwaka 1929 alikwenda Alaska, kwenye chimbuko la mto Koyukuk, kaskazini ya mstari wa Aktiki, kwa kuwa katika ramani za wakati ule sehemu hiyo ilikuwa nyeupe tupu. Aliona milima miwili imesimama huku na huku ya mto mithili ya mihimili ya mlango, akapaita hapo Gates of the Arctic, yaani Malango ya Aktiki. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1930, kisha akarudi Alaska, akaishi zaidi ya mwaka mzima katika kijiji kidogo cha Wiseman pamoja na wachimba dhahabu na wenyeji wa asili. Huko nako alihesabu kila kitu, hata mambo ambayo wanakijiji walipenda kuyazungumza. Kitabu chake juu ya kijiji hicho kilitoka mwaka 1933 na kikauzwa sana, naye akawagawia wanakijiji nusu ya mapato yake.

Mwaka huo huo wa 1933 alitoa kitabu kingine, akitaka misitu ya Marekani iwe mikononi mwa umma, kwa maoni kwamba makampuni ya mbao yalikuwa yakikata na kuondoka, na kuwaachia wananchi vilima vilivyo uchi. Ndio uliokuwa mwaka ambao Rais Franklin Roosevelt, katika kupambana na ukosefu wa kazi, aliunda jeshi la vijana wa kuhifadhi maliasili. Vijana hao walipanda miti mingi sana, na jambo hilo lastahili sifa; lakini walijenga barabara nyingi pia, na nyingi ziliingia katika mabonde ambayo hayajawahi kupitiwa na gurudumu. Hivyo mpango wa kuwapa wananchi kazi ukawa unawanyang'anya wananchi hao hao mali nyingine, bila ya mtu kukusudia.

Mwezi wa Januari mwaka 1935, yeye na wenzake saba, miongoni mwao Aldo Leopold na Benton MacKaye, waliunda chama cha kuyatetea mapori, na fedha za kukianzisha zilitoka mfukoni mwake. Chama hicho kiliitwa The Wilderness Society. Leopold alikuwa ameitangulia kazi hiyo. Kwa juhudi zake, mwaka 1924 Idara ya Misitu ilitenga pori la Gila katika Jimbo la New Mexico lisiingie barabara. Lakini hilo lilikuwa pori moja. Marshall alitaka kujua yote.

Basi mwaka 1936, akisaidiwa na Althea Dobbins, alitandika ramani za nchi nzima na kutafuta penye nafasi kati ya barabara moja na nyingine. Walitafuta maeneo ya misitu yasiyo na barabara yenye ukubwa wa zaidi ya ekari 300,000, na maeneo ya jangwa ya zaidi ya ekari 500,000. Waliyapata 48 ya misitu na 29 ya jangwa. Orodha ilichapishwa katika gazeti la chama mwezi wa Novemba mwaka huo, kila eneo kwa jina lake, jimbo lake na ekari zake.

Kwa kuitazama, orodha ile ni karatasi kavu. Haina shairi wala picha ya machweo. Lakini tangu siku ile afisa aliyetaka kupitisha barabara katika mojawapo ya maeneo hayo hakuweza tena kusema kwamba hapo hapana kitu. Palikuwa na kitu kilichoandikwa na kuhesabiwa. Na wapenzi wa mapori walipoirudia hesabu hiyo na kuichapisha kitabuni mwaka 1989, waliweza kuonyesha ni maeneo gani yamepungua, kwa sababu palikuwa na ukurasa wa zamani wa kulinganisha. Hasara isiyo na hesabu ya mwanzo haithibitiki.

Sasa hatuna budi kusimulia na upande wa pili. Kuanzia mwaka 1933 hadi 1937 Bob Marshall alikuwa mkuu wa misitu katika ofisi ya serikali iliyosimamia ardhi za wenyeji wa asili wa Marekani, ambao zamani waliitwa Wahindi Wekundu. Alipenda wenyeji hao waendeshe misitu yao wenyewe. Lakini mwaka 1937, kwa ushauri wake, ofisi hiyo ilitoa amri ya kuyatenga maeneo 16 ndani ya ardhi zao yasiingie barabara, na makabila yenyewe hayakuombwa idhini. Nia ilikuwa njema na daftari lilikuwa sahihi, ila mwenye mali hakuulizwa. Matokeo yake ni kwamba katika miaka iliyofuata makabila mengi yaliomba amri hiyo iondolewe katika ardhi zao, ikaondolewa.

Mwisho wa habari hiyo una mafunzo. Katika Montana, makabila ya Salish na Kootenai yalikuwa miongoni mwa waliotengewa milima yao, ya Mission, bila ya kushauriwa. Mwaka 1982 baraza lao wenyewe, kwa hiari yao, liliitenga milima hiyo hiyo kuwa pori, takribani ekari 90,000, kwa sheria yao na kwa walinzi wao. Milima ni ile ile na shabaha ni ile ile. La kwanza halikudumu kwa kuwa liliteremshwa kutoka juu. La pili limedumu kwa kuwa limetoka kwa wenyewe.

Mwaka 1937 alirudi Idara ya Misitu kuwa mkuu wa mambo ya mapumziko ya wananchi. Katika cheo hicho alifanya mambo mawili. La kwanza, alitaka watu wa kipato kidogo waweze kufika misituni na kupiga kambi, na akapinga ubaguzi wa rangi na wa dini katika kambi zilizokuwa juu ya ardhi ya umma. Zama zile yalikuwapo mahoteli mengi ya mapumziko yasiyompokea mtu mweusi wala Myahudi, na yeye mwenyewe alikuwa Myahudi. La pili, alitunga kanuni mpya za mapori, zilizotiwa sahihi mwezi wa Septemba mwaka 1939. Kanuni hizo zilikataza barabara, ukataji wa magogo na mahoteli katika mapori yaliyotengwa, makubwa ya zaidi ya ekari 100,000 na madogo ya kuanzia ekari 5,000. Tena ziliagiza kwamba pori lisitengwe wala lisifutwe kabla ya kutolewa tangazo kwa umma kwa muda wa siku 90. Yale ambayo wenyeji wa asili hawakufanyiwa mwaka 1937, sasa yaliandikwa kuwa kanuni kwa misitu ya taifa.

Hazikupita hata siku 60 tangu kanuni hizo zitiwe sahihi. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba, 1939, Bob Marshall alipanda treni Washington kuelekea New York, na treni ilipofika alikutwa amekufa. Moyo wake ulikuwa umesimama. Hakuwa ameoa wala hakuacha mtoto. Mali aliyoirithi kwa baba yake aliiacha katika mafungu ya amana: moja kwa ajili ya maendeleo ya wafanya kazi na uchumi wa haki, moja kwa ajili ya uhuru wa raia, na moja kwa ajili ya mapori.

Mwaka 1940 serikali iliunganisha mapori matatu ya Montana ikayaita kwa jina lake. Leo pori la Bob Marshall lina zaidi ya ekari milioni moja, na ndani yake limo jabali liitwalo Chinese Wall, lenye urefu wa maili zipatazo 22 na kimo cha futi 1,000 na zaidi. Tarehe 3 Septemba, 1964, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Mapori, ambayo ilianza na ekari zipatazo milioni tisa na kuondoa mapori katika hiari ya ofisi na kuyaweka chini ya ulinzi wa Bunge. Kiwango cha ekari 5,000 kimo pia ndani ya sheria hiyo. Hivi sasa mapori yanayolindwa kwa sheria hiyo ni zaidi ya 800, yenye ekari zaidi ya milioni 110. Na Malango ya Aktiki yakawa hifadhi ya taifa mwaka 1980.

Kwa hiyo mtu wa Marekani atakaye kulala mahali pa faragha leo anafanya kwa udogo kile alichokifanya Bob Marshall kwa ukubwa. Hutandika ramani, hutazama barabara zinakoishia, huangalia ni ardhi ya nani, huuliza kanuni katika ofisi ya misitu iliyo karibu, kisha hufunga shanta lake. Katika sehemu nyingi za misitu ya taifa huruhusiwa kupiga kambi bila ya kulipa, kwa kawaida muda usiozidi siku 14 mahali pamoja, kwa sharti la kuondoka na taka zake na kuzima moto wake. Hamwombi tajiri ruhusa, wala hapiti kwenye lango la hoteli. Ni haki iliyo kimya, nayo imesimama juu ya daftari.

Sisi wa visiwani hatuna ekari milioni moja za kutenga, na hatuna haja ya kuona aibu kwa hilo. Bahari imekwisha tuwekea mpaka. Lakini aliye na kidogo ndiye apasikaye kukihesabu zaidi. Mwenye shamba kubwa akipoteza robo hubakiwa na shamba. Mwenye kitalu akipoteza robo hujikwaa kwenye ua wa jirani. Viko vipande vya msitu, fukwe, visiwa vidogo na njia za miguu ambazo watu wetu wamezipita tangu enzi za mababu. Je, viko katika daftari gani? Nani anajua jumla yake, si ya ofisi moja, bali ya zote kwa pamoja?

Kwa waheshimiwa maafisa wa serikali tuna maombi matatu, nayo yote yametoka katika maisha tuliyoyasimulia. Vihesabiwe vilivyobaki kabla ya kugawa kingine, na hesabu hiyo itangazwe. Waulizwe wanaovitumia kabla ya kuvitenga, kwa maana hifadhi isiyokuwa na idhini ya mwenyeji hulindwa kwa bunduki na haidumu. Na kila badiliko litolewe tangazo mapema, ili mwananchi asilikute kwa kujigonga kwenye ukuta mpya. Kwa wananchi tuna ombi moja: tembeeni katika ardhi yenu kwa miguu, mzijue njia zake na majina yake, na mwafundishe watoto. Daftari la serikali laweza kuungua au kufichwa. Lile lililo katika vichwa vya watu waliolala mahali hapo usiku mmoja, wakaamka kwa sauti ya ndege, ni gumu zaidi kulifuta.